Upenu wa Nyigu

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, watoto na wakubwa. Kuna wawili wanagombana na sina muda wa kubembeleza mtu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima, Ngiri alisimama chini ya ghala lake anafoka.

"Nimekuta viwavi kwenye mahindi yangu. Wawili, Mama Nyigu. Tulipatana nini?"

"Tulipatana unipe upenu wa kujenga, na tope la kando ya mtungi, nami nipunguze viwavi," akasema Nyigu. "Kupunguza, mzee. Sikusema kumaliza. Nikiwamaliza, wanangu watakula nini? Na tukifa njaa, viwavi wakirudi atawakamata nani?"

"Maneno mengi. Shamba zima viwavi wawili tu, hata mimi nitawakanyaga. Wewe nakuweka wa nini?"

Nyigu akatetemesha mabawa, vvvuu. Shamba ni safi kwa kazi yake, na usafi huohuo ndio umegeuzwa kosa lake.

Ngiri hakungoja jibu. Akafudikiza kinu, akapanda juu, akabomoa vyumba vya tope kwa pembe zake. Pu, pu, pu. Na ndani walikuwamo watoto wa Nyigu, hawajaota mabawa. Akaona haitoshi, akamwaga majivu kwenye tope la mtungi.

Nyigu hakumuuma. Alitaka sana. Akaruka, vvvuu, akahamia kwa Nungunungu.

Wale viwavi wawili wakawa nondo. Nondo wakataga. Mayai yakaanguliwa. Kwaru, kwaru, kwaru. Ngiri akakanyaga, wakazidi. Kwaru, kwaru, kwaru. Akakanyaga na mahindi yake mwenyewe. Yakabaki mabua.

Akaenda kwa Nungunungu, masikio chini.

"Mama Nyigu, rudi basi. Yale yalikuwa maneno ya hasira tu."

"Maneno hayabomoi nyumba."

"Nitakusifu mbele ya wanyama wote."

"Kwenye sifa sitagi mayai."

Sasa sikieni nyote. Shamba likiwa safi, uliza kwanza nani analisafisha, kabla hujapanda juu ya kinu. Na wadudu wachache unaowaona ndio chakula cha yule anayekulinda na wengi.

Hadithi yangu naikatia hapa. La mwisho namwachia Nyigu mwenyewe, maana ndiye anayedai.

"Wanangu huwezi kunirudishia, mzee. Upenu unaweza. Zoa majivu yako kwenye tope, unipe upenu wangu."