Mkono wa Mzee Nkwabi na Jino la Msumeno

"Usiukatae mkono kabla hujalitazama jino." Asubuhi mmemsikia Msabila akimwambia mteja maneno hayo, mkacheka, na sasa mnataka kujua mkono na jino vilikutana wapi. Vilikutana humu humu, katika karakana hii ya Ipuli, nami nilikuwapo. Kaeni kwenye mbao zile, hizi zina vanishi mbichi. Methali hii ilianza hivi.

Wakati huo kikundi chetu cha maseremala kilikuwa na watu tisa, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Mkataji wetu alikuwa Mzee Nkwabi. Ukitaka mgongo wa kiti uliopinda, ulimchorea mstari kwa penseli, naye aliufuata kwa msumeno mwembamba wa mkono, polepole, mpaka mwisho. Miaka ishirini na sita alifanya kazi hiyo. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia, akakaa nyumbani miezi saba. Aliporudi, mkono ulikuwa umepona, ila ulichoka mapema.

Tulimwonea huruma. Tukaona tumnunulie jigso, ule msumeno mdogo wa umeme ambao bledi yake hupanda na kushuka kama sindano ya cherehani, ili asisukume kwa nguvu. Dukani nilikwenda mimi. Nilichagua iliyokuwa nyepesi na yenye rangi ya kupendeza, pamoja na pakiti kubwa ya bledi ambazo muuzaji alisema zinakata kila kitu. Sikuuliza zaidi. Kwangu mimi bledi ilikuwa bledi.

Muda si mrefu tukapata kazi ya viti arobaini vya ukumbi wa kanisa. Vilikuwa vya mninga mnene, na kila mgongo uliungwa kwa vipande viwili vilivyopinda. Mzee alikata siku nne. Siku ya tano Msabila, ambaye kazi yake ilikuwa kuunga, alikuja na vipande viwili mkononi. Kwenye uso wa juu wa ubao viligusana. Kwenye uso wa chini viliachana hata ungeweza kupitisha sarafu.

"Mwenyekiti, hii ni kazi gani?" akasema kwa sauti, na Mzee yuko palepale. "Gundi ni ya kuunga mbao, siyo ya kuziba mitaro. Mtu anakata mninga kama anamenya muhogo!"

Wengine wakacheka. Mzee Nkwabi aliutazama mkono wake wa kulia, akaufungua, akaufunga.

Tulipokuwa tunafunga karakana alinijia. "Mwanangu, nipeni msasa," akasema. "Msasa hauna mstari wa kufuata."

Nilimwambia apumzike kidogo, tutaona. Lakini moyoni nilipata nafuu, maana nilikuwa nimekwisha kuamua hivyohivyo na sikujua nitamwambiaje. Sikufikiri kwamba mtu aliyetoka kitandani baada ya miezi saba kwa ajili ya kazi moja, ukimnyang'anya kazi hiyo, hatarudi kesho kutwa.

Kesho yake akaja Kalunde. Yeye alikuwa fundi wetu wa msasa na vanishi, mama asiyependa maneno mengi.

"Mwenyekiti, nasikia Mzee anahamia kwangu."

"Ndiyo, dada. Mkono umemchosha."

"Sawa. Ila kabla sijampokea, tazama hiki." Akaweka kipande cha mninga mezani. Mstari wa penseli ulikuwa bado unaonekana. "Hapo juu ametoka nje ya mstari wapi?"

Nikainama. Nikafuata ukingo kwa ukucha kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Hapana mahali," nikasema.

"Mkono uliochoka hufuata mstari namna hiyo?"

Kalunde akakigeuza kipande. Upande wa chini ukingo ulikuwa umekimbilia ndani, na umeungua, mweusi kama chungu.

"Mimi ndiye ninayezisugua pande zote mbili," akasema. "Juu anakata Mzee. Huku chini anakata nani?"

Tukaichukua jigso. Nilishika ncha ya bledi kwa vidole viwili, nikaisukuma kando kidogo. Ikayumba kama mkia wa mbuzi. Kigurudumu kinachopaswa kuishikilia kwa nyuma hakikuwa kikiigusa kabisa. Tukatazama meno yenyewe: madogo, yamebanana, yamejaa vumbi lililoungua. Yalikuwa meno ya kukatia bati. Juu ya ubao bledi iliongozwa na mkono wa Mzee. Ndani ya ubao haikushikwa na mtu, ikajipindia ilikotaka. Na aliyeinunua ni mimi.

Nilikwenda kwa Mzee Nkwabi nikamweleza. Hakuniamini. "Usinifariji, mwanangu. Mkono wangu naujua." Nikamwomba atusindikize tu dukani, mimi na Kalunde. Akakubali kwa heshima.

Muuzaji safari hii alikuwa Mgogo, mtani wetu. Alitupangia jigso nne juu ya meza. Mwanzoni Mzee alisimama nyuma yetu. Nilipoanza kusifu moja kwa wepesi wake, nadhani uvumilivu ulimwishia, akasogea. Kila moja aliitia bledi, akaisukuma kando kwa kidole gumba. Alikiweka kitako cha chuma juu ya kioo cha meza kuona kama kimelala sawasawa. Alichungulia kigurudumu. Aliiwasha kidogo kidogo kuona kama inatii inapoambiwa iende taratibu. Aliyoikubali ilikuwa nzito kuliko zote.

"Itakuchosha, Mzee," nikasema.

"Uzito utaulaza ubao utulie," akajibu. "Nyepesi ndiyo inayorukaruka mpaka niikamate kwa nguvu."

Kwenye bledi alikaa zaidi. Za meno madogo alizirudisha. "Jino dogo halina pa kuweka vumbi la mninga, litaungua." Zile pana zenye meno makubwa alizisifu, lakini akasema ni za kwenda moja kwa moja, kwenye mkunjo zitabana. Alichukua zenye mwili mwembamba, chuma kigumu, na meno ya wastani yaliyoachana.

Mgogo akachoka. "Nyie Wanyamwezi, mnanunua au mnaposa?"

"Tunaposa," Kalunde akamjibu. "Na mahari haitoki mpaka tuone meno."

Kwa mara ya kwanza tangu arudi, nilimsikia Mzee Nkwabi akicheka.

Lakini karakanani, mbele ya wote, woga ulimrudia. Akamnyooshea Msabila ile jigso. "Kata wewe, kijana."

Msabila akaitazama, akaitazama sakafu. "Mimi naunga tu, Mzee. Mkataji ni wewe." Akambania ubao mezani.

Mzee akakata. Hakusukuma, aliiongoza tu. Mara mbili alisimama kupumzisha mkono. Kipande kilipoanguka, hakukiokota. Msabila ndiye aliyekiokota, akakigeuza, akapima ukingo kwa skwea, kile kipimo cha pembe, juu na chini. Kisha akakibandika na mwenzake, akavinyanyua pamoja kuelekea dirishani. Mwanga haukupita.

"Mzee wangu," akasema, "yale maneno ya muhogo..."

"Acha," Mzee Nkwabi akamkatiza kwa upole. "Wewe ulinisema siku moja. Mwenyekiti alinihurumia. Wa kwanza kuukataa mkono huu ni mimi mwenyewe. Niliomba msasa kabla hamjaniambia, wala sikuinama hata mara moja kuitazama bledi."

Akaufungua mkono wa kulia, akautazama tena, safari hii muda mrefu. Halafu akautumia kuvuta ubao wa pili.

"Usiukatae mkono kabla hujalitazama jino," akasema, na sikujua kama alikuwa akituambia sisi au akiuomba radhi mkono wake.