Magugu ya Jumamosi

Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Waliosema hivyo walikuwa watu wa kuvuta ndoo kisimani, si watu wa vikao. Walijua kwamba ukambaa, ule msuko mwembamba wa majani, siku ya kwanza hupendeza macho, lakini kamba iliyochakaa, yenye nyuzi zilizosimama kama ndevu za mgonjwa, ndiyo itakayofikisha maji juu. Methali hii haina ugumu. Mtoto wa darasa la pili anaielewa. Wasioielewa ni wenyeviti.

Nyuma ya karakana ya fundi mmoja wa kusuka mota palikuwa na chumba kirefu chenye dirisha moja. Ndani yake, juu ya meza zilizoundwa kwa milango mikuukuu, zilipangwa kompyuta nane za mitumba, skrini zake bado zile nene zenye kisogo. Waya za buluu zilitambaa ukutani kama mchwa hadi kwenye kompyuta ya tisa iliyowekwa chini ya meza. Hiyo waliiita Ghala, kwa kuwa ndiyo iliyotunza kila kitu walichokijenga.

Kila Jumamosi alasiri watu wanane, majirani wote, walifunga kazi zao wakaja kucheza Bonde. Mchezo wenyewe ulikuwa na umri wa miaka ishirini na ushei. Kila mchezaji ana kijiji chake kando ya mto mmoja. Analima, anachimba mifereji, anajenga kingo za kuzuia mafuriko. Ukivuta maji mengi, jirani yako anakauka. Ukijenga ukingo mbovu, mnazama wote. Watu wake walikuwa nukta nne za rangi zilizobandikwa pamoja, hawana pua wala macho, lakini siku mafuriko yalipokuja chumba kizima kilisimama.

"We Kinyozi, umeziba mfereji! Mtama wangu unakufa!" Mwalimu wa hesabu alipiga kelele.

"Mtama wako ulikufa siku ulipoupanda, Ticha. Hesabu zako mwisho wake ubaoni."

"Nyinyi gombaneni," mke wa fundi alidakia. "Mkimaliza mtanikuta nimevuna."

Mke huyo alikuwa mshonaji. Walimwita Sindano kwa kazi yake, na kwa ulimi wake pia. Kijiji chake kilikaa kwenye kona ya mto, na alikipanga kama anayekata kitambaa: njia zilipinda kama shingo ya gauni, miti ikafuata ukingo kama pindo. Wengine walijenga ili wavune. Yeye alijenga ili papendeze, na bado akawapita kwa mavuno.

Sindano alifariki kwa maradhi yaliyokuwa na tiba. Siku nne alilala kwenye benchi la hospitali akisubiri sahihi ya mkubwa mmoja aliyekuwa semina. Sahihi ilipofika, mgonjwa hakuwepo. Binti yao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali, hakuweza hata kuja kuzika, maana karatasi zake za kazi zilikuwa mezani kwa mkubwa mwingine.

Bonde lina kanuni moja isiyo na huruma. Kijiji kisichopaliliwa huota magugu, na magugu yakikaa wiki kumi na mbili, mto unakichukua. Jumamosi ya kwanza baada ya maziko, Fundi alikaa mbele ya skrini yake kama gogo, asithubutu kuitazama ile kona. Alipojikaza akatazama, alikuta watu wenye vilemba vyekundu wakipalilia mashamba ya mkewe. Walikuwa watu wa Kinyozi.

"Shemeji hakupenda uchafu," Kinyozi alisema bila kugeuza kichwa.

Tangu siku hiyo ikawa desturi yao. Hakuna aliyegusa jembe lake kabla hawajapalilia wote kwa Sindano. Miaka mitatu ilipita, wasiruke Jumamosi hata moja.

Binti alikuwa akipiga simu kila Jumapili. "Baba, kijiji cha mama kipo?"

"Kipo, mwanangu. Jana tumepalilia."

"Na mimi nitakionaje?"

Waya zao ziliishia ukutani.

Sasa, penye watu saba wanaopatana hapakosi anayetaka kuwaongoza. Karani mstaafu mmoja, ambaye kijiji chake kilizama kila mwaka, alisema kikundi lazima kiwe na mwenyekiti. Walimchagua yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa na tai. Siku moja aliingia na mgeni mwenye shati jeupe na tabasamu lililopigwa pasi.

"Ndugu zangu," Mwenyekiti alisema, "neema imebisha hodi."

Mgeni alieleza kwamba kampuni yake ilikuwa imeununua mchezo wa Bonde, haki zake zote, na imetengeneza Bonde Jipya, linalochezwa kwa mtandao kutoka popote duniani. Kikundi kingepewa kompyuta mpya nane. Vijiji vyote vingehamishwa vilivyo, bila kupungua mti. Kwa upande wao wangekabidhi mashine zote za kikundi, pamoja na Ghala, wala wasibaki na nakala yoyote.

"Na hiyo kompyuta mtakayotuhamishia, iko wapi?" Kinyozi aliuliza.

"Ipo salama, mzee. Kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Mbali kidogo."

"Na siku mtu wa huko mbali kidogo akigombana na mkewe, akaing'oa ukutani kwa hasira?"

Watu walicheka hadi Ticha akashika mbavu. Mwenyekiti hakucheka. "Wewe Kinyozi umezoea vichwa vya watu, unadhani kila kitu ni cha kunyoa. Dunia inakimbia!" Kisha akamgeukia Fundi, sauti ikalainika kama mafuta. "Fundi, binti yako ataingia kutoka huko huko aliko. Atatembea kijijini kwa mama yake. Utamnyima mtoto?"

Maneno hayo yalimwingia Fundi kama maji kwenye mchanga. Naye alikuwa mtu mwenye sharti moja la kazi, alilowafundisha vijana wote waliopita mikononi mwake: koili ya waya iliyoungua haitupwi mpaka mpya imezungusha mota siku nzima, kwa kuwa ukikosea idadi ya mizunguko ya waya, ile ya zamani ndiyo itakayokusahihisha. Kwa mota za watu hakuwahi kulivunja. Siku hiyo hakulikumbuka, au alilikumbuka akalimeza. Aliinua mkono.

Sita walikubali. Kinyozi alichomoa kompyuta yake, aliyoinunua kwa wembe wake mwenyewe, akaibeba begani. "Mimi nabaki na kisogo changu," alisema. Alichoondoka nacho ni mchezo mtupu. Vijiji vyote, na cha Sindano kikiwemo, vilikuwa ndani ya Ghala, na Ghala lilipakiwa kwenye gari la kampuni mchana uleule.

Ni haki kusema ukweli: Bonde Jipya lilipendeza. Maji yalimeta, watu walikuwa na nyuso na jasho. Kila mchezaji alivaa chombo cha masikioni akazungumza na wenzake humo humo ndani ya mchezo. Jumapili ya kwanza binti aliingia.

"Baba, nakuona! Umevaa kofia!"

"Kofia wamenivisha wao. Mimi sina habari."

Walitembea pamoja njia za Sindano. Penye kona ya mto binti alisimama. "Hizi njia," binti alisema, "zimekatwa kama gauni langu la kumaliza shule." Akalia. Baba alimwacha alie, kisha akamwonyesha jembe linaposhikwa.

Wakapalilia. Jumapili iliyofuata wakapalilia tena. Miezi kumi mtu na bintiye walikutana shambani kwa marehemu, wakiambiana ya kazini na ya nyumbani huku majembe yakienda. Aliyenyimwa kuzika alipata mahali pa kupeana mkono wa pole. Fundi alianza kunenepa. Hata Mwenyekiti alimsalimia kwa heshima, akimkumbusha kila mara: "Nilikwambia, sikukwambia?"

Mwezi wa kumi na moja skrini ilileta tangazo: *Wachezaji wapendwa, tunawashukuru kwa safari nzuri. Kwa kuwa idadi yenu haitoshelezi, huduma itasitishwa baada ya siku thelathini.*

Fundi alilisoma mara tatu, kidole kikifuata kila neno, kwa kuwa kusoma kwake kulikuwa kwa kuokoteza. Kisha alikwenda nyumbani kwa Mwenyekiti na kumkuta akipiga kiwi viatu.

"Nimeona, Fundi. Inasikitisha. Lakini hayo ni maamuzi ya juu. Mimi ni nani?"

"Siku ile ulikuwa Mwenyekiti."

"Hata leo ni Mwenyekiti. Ila mwenyekiti ni wa kufikisha ujumbe tu."

"Ujumbe wa neema ulifikisha na kuutetea. Huu nao utetee basi."

Mwenyekiti alikitazama kiatu chake kama aliyeona doa. Fundi aliondoka bila kuaga. Kesho yake alifunga karakana akaenda ofisi ya kampuni, jengo la vioo ambalo mlangoni mtu hujiona kabla hajamwona mwenyeji. Kaunta alimkuta msichana mmoja.

"Baba, shikamoo. Nikusaidie nini?"

"Marahaba, mwanangu. Sitaki mchezo wenu. Nataka kijiji kimoja tu, nipewe hata kwenye diski, nikakiweke nyumbani."

Msichana alipekua kompyuta yake. "Hairuhusiwi, baba. Ulipoanza ulibonyeza Nakubali. Masharti yapo pale."

"Nilibonyeza kwa sababu usipobonyeza haufunguki."

"Ndivyo ilivyo kwa wote, baba."

"Basi nirudishieni mashine yetu ya zamani. Ile tuliyowapa nzima, inafanya kazi."

Msichana alipiga simu, akanong'ona, akasikiliza, akaiweka chini taratibu. "Mashine za zamani zilisagwa, baba. Wiki ileile. Ni utaratibu." Macho yake yalilengwa machozi. "Pole sana." Alikuwa na huruma ya kweli. Wenye huruma ndio wanaowekwa kaunta. Wenye kalamu hukaa juu, ambako lifti inataka kadi.

Siku ya mwisho ilipangwa iwe Jumatano, saa nane mchana. Binti aliomba ruhusa kazini akanyimwa, akajifungia chooni na simu yake, akaingia kwa njia hiyo. Ticha alikuja, na wengine watatu. Mwenyekiti alituma salamu kwamba ana kikao.

Walipalilia kwa Sindano. Hakuna aliyetania, hakuna aliyegombea maji. Mashamba yakawa safi kama mkeka uliokung'utwa, na saa ilikuwa nane kasoro dakika mbili.

"Mwanangu, yametosha. Acha tukae."

"Bado pale chini ya miti, Baba. Kuna majani mawili matatu."

"Yaache."

"Mama hakupenda uchafu. Subiri kidogo, namalizia hii ya..."

Skrini iligeuka kijivu. Katikati yake yakatokea maneno: *Asante kwa kucheza.* Na kwa kuwa sauti nayo ilipitia humo humo mchezoni, ilikatika pamoja na jembe. Fundi alibaki na chombo masikioni, akiita, "Mwanangu? Mwanangu?" mpaka Ticha alipomvua kwa mikono yake.

Jumamosi mbili Fundi hakutoka. Ya tatu alitoka kununua waya wa shaba, akapita mbele ya kibanda cha Kinyozi. Ndani alisikia matusi ya furaha. Nyuma ya kiti cha kunyolea zilikuwepo kompyuta tano za mitumba, zimeunganishwa kwa waya, na watu wa mtaa wa pili wakishtakiana maji. Bonde lilelile. Nukta nne za rangi, hazina pua wala macho.

"Ingia, Fundi," Kinyozi alisema. Hakusema nilikwambia. "Kiti kipo."

"Hii mnacheza kwa ruhusa ya nani?"

"Ya umeme."

Fundi aliketi. Akapewa uwanda mtupu wa majani, usio na njia wala mti wa mtu yeyote, akaanza kuchimba mfereji taratibu kama mtu anayejifunza kula baada ya ugonjwa. Hakuwa amefika mbali pale kivuli kilipoziba mlango. Alikuwa Mwenyekiti, tai shingoni, karatasi mkononi.

"Ndugu zangu, vizuri nimewakuta pamoja. Kuna kampuni nyingine. Hii ni tofauti kabisa. Wao wanaomba tu saini, na hizi mashine chakavu wanazibeba bure." Alimpa Fundi karatasi ya kwanza, kwa heshima. "Wewe ni mkongwe, anza."

Fundi aliishika karatasi, asiisome.

"Mwenyekiti," alisema, "mke wangu nilimzika mara moja, kwa mikono yangu. Mara ya pili mlimzika nyinyi, na jembe mkamshikisha mwanangu. Leo umekuja kuchukua nini?"

Mwenyekiti alicheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Aa, Fundi, usichanganye mambo. Ule ulikuwa mchezo tu."

Kinyozi aliipokea ile karatasi, akafutia wembe povu la sabuni, akaitupa kwenye ndoo ya nywele. Mwenyekiti alitengeneza tai yake akaenda kutafuta mtaa mwingine, na wapo waliomsainia huko, kwa kuwa wasiowahi kukatikiwa na ukambaa hawakosekani. Fundi aligeukia skrini. Maji yalikuwa yameanza kuingia mferejini kwake, machache, ya rangi moja tu, hayameti. Lakini yaliyoingia yalikuwa yake, na hakuna mkubwa popote aliyeweza kuyafunga. Kilichopotea hakikurudi, wala hakitarudi. Ndiyo maana husemwa, na asikie mwenye kukaa kiti cha mbele: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.