Ukoko wa Mbaruku

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa bado wakipika wali na kugombania ukoko wa chini ya sufuria, Mbaruku, mwana wa pekee wa Mama Tembo, alikwenda mtoni. Ukingo ukamomonyoka, tubwi! Hakutoka hai.

Mama Tembo alikuwa mgonjwa, hainuki kitandani. Wanyama wakaulizana nani atamwambia. Nyati, na mapembe yake yale, akajibanza nyuma ya Kiboko. Ndipo Pimbi, mdogo kuliko wote, akasema wamwachie yeye. Wao wamzike tu, na matanga yawekwe mbali, kilio kisisikike.

Akapiga hodi. "Bibi, Mbaruku amepata kibarua ng'ambo ya mlima. Ameondoka kwa haraka, anakuomba radhi."

Mama Tembo akaelekeza mkonga kwenye sufuria. "Basi mpelekee ukoko. Mwanangu anaupenda."

Kila jioni Pimbi akawa anapewa ukoko. Mwanzoni aliufukia. Halafu akauonja, kru, kru, na baadaye, msicheke, akawa anausubiri kwa hamu. Asubuhi hurudi na salamu: Mbaruku amenenepa, Mbaruku anausifu ukoko, anataka uungue kidogo.

Mama Tembo akapata nafuu, hata akaweza kuketi. Siku hiyo akamzungushia Pimbi mkonga, taratibu.

"Mjukuu wangu, Mbaruku hajawahi kula ukoko. Meno yake mabovu tangu utotoni. Angekuwa hai, angekurudisha nao jioni ile ile, anacheka. Nimekaa hapa nasubiri ukoko urudi."

Pimbi akatazama chini. "Tulihofia utakufa, Bibi."

"Ningelia. Kulia si kufa." Akamwachia. "Matanga mmeshaanua?"

"Tumeshaanua."

"Basi nitamlilia na nani?"

Pimbi, fundi wa maneno, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

Na msiniambie kwamba Mama Tembo alipona. Alipona akisubiri ukoko urudi. Wale wenye pembe na misuli walimhurumia mama, au walijihurumia wao, wasimwone akilia?

Mama Tembo alitandika mkeka uani, akaketi. Hakuna jirani aliyekuja. Wao walikwisha kulia, wakafua kaniki zao, wakarudi mashambani.

Hadithi yangu imeketi naye hapo mkekani, nayo yasema: uongo wa huruma haumwondolei mfiwa msiba, humwondolea wa kulia naye.