Panki Haombi

"Paukwa."

"Pakawa."

"Pakawa nini?"

"Pakawa kelele."

"Kelele za nani?"

"Za wenye njaa."

Mmeitikia kivivu leo, na siwalaumu, hata mimi koo limekauka. Basi tusichoshane. Aliye na karanga azitafune polepole, hadithi ianze.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na gulio lao pale njiapanda ya Mavumbini, palikuwa na bendi ya barabarani. Haikuwa bendi ya harusi, wala haikuwa ya kumsifu mkubwa yeyote. Ilikuwa bendi ya panki. Kama hamjui panki ni nini, ni muziki wa hasira unaopigwa kwa nguvu zote na watu wasiojua kupiga, na mwenye kuupiga naye huitwa panki.

Walioianzisha walikuwa watatu. Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba mgongoni, alipiga debe: du-du-pa, du-du-pa. Kobe alipiga gita la galoni: ngwe, ngwe, ngwe, kila mara nyuma kidogo ya wenzake. Kunguru alitikisa kayamba na kupayuka: kraa. Wote walikuwa wamefukuzwa kwenye ngoma za wakubwa, mmoja kwa udogo, mmoja kwa uzito, mmoja kwa sauti mbaya. Wakakaa kando ya njia wakatunga wimbo wao, na wimbo wenyewe ulikuwa mmoja tu.

"Hatutaki!"

"Hatutaki nini?"

"Hatutaki tu!"

Wimbo ukiisha, wanagulio walitupia kitu kwenye ungo: kiazi cha kuchemsha, kipande cha muhogo, karanga kidogo. Watatu wale wakagawana sawasawa, wakalala.

Walikuwa na desturi moja, nao waliipenda kuliko hata ule wimbo. Panki haombi. Haombi chakula, yeye anapiga, ukitaka unatupia. Haombi nafasi, haombi msamaha. Akiambiwa hapa si pako, anaweka chombo chini, anainua kichwa, anaondoka. Ni desturi nzuri sana ukiwa umeshiba.

Ndipo akaja Ngiri. Shingo nene, meno yamejikunja, nywele za mgongoni zimesimama na hazijaona kitana tangu azaliwe. Hakuuliza kama anakaribishwa. Alisimama mbele ya bendi akanguruma "Hatutakiii", vumbi likaruka, kuku wa muuza mayai wakakimbia. Watu wakajaa. Ungo nao ukajaa. Kalunguyeye, tuseme kweli, alifurahi. Alisema moyoni, sasa bendi imepata koo.

Lakini koo lile lilikuja na tumbo lake.

Siku hiyohiyo, wimbo ulipoisha na kabla viazi havijagawanywa, Ngiri alimgeukia Kobe. Akamtazama juu, akamtazama chini.

"Nani panki?" akauliza.

"Mimi," akasema Kobe.

"Wewe una nyumba. Panki gani ana nyumba, tena anatembea nayo?"

Watu wakacheka. Kobe akalifikiria jambo hilo kwa ule mwendo wake, akaona ni kweli, nyumba anayo. Akaweka gita chini. Akainua kichwa. Akaondoka, na kwa kuwa ni Kobe, aliondoka kwa muda mrefu huku gulio zima likimtazama mgongo. Hakuomba. Fungu lake akalila Ngiri, akieleza kwamba koo linafanya kazi kuliko mikono.

Kalunguyeye akachoka kidogo.

Gulio lililofuata akaletwa Nyegere apige gita. Kalunguyeye akakaa naye asubuhi nzima akimfundisha: du-du-pa hapa, ngwe pale, usiwahi, usichelewe. Wimbo ukapigwa, ukaisha, ungo ukajaa. Safari hii Ngiri akamgeukia Kunguru. Akamtazama juu, akamtazama chini.

"Nani panki?"

"Mimi, kraa."

"Wewe umevaa shati jeupe kama karani wa mahakama."

Kunguru akajitazama kifuani. Shati lilikuwa jeupe kweli, na halikuwa na vifungo vya kulivulia. Akaweka kayamba chini. Akainua kichwa. Akaruka zake. Hakuomba. Fungu lake akalila Ngiri.

Kalunguyeye akachoka tena.

Akaja Kanga kutikisa kayamba, akafundishwa wimbo, akafukuzwa kwa sababu madoa yake yamepangwa safu safu, na panki hapangi. Nyegere akafukuzwa kwa sababu alionekana mtoni anaoga. Akaja Digidigi, akafundishwa wimbo, akafukuzwa kwa sababu mtu alimtupia kiazi naye akasema ahsante. Kila mmoja alijitazama, akaona hatia anayo, akaweka chombo chini. Kila mmoja aliinua kichwa. Hakuna aliyeomba. Na kila siku Ngiri alikula fungu la aliyeondoka, akanenepa, nywele zake za mgongoni zikang'aa kama zimepakwa mafuta.

Watu nao wakanogewa. Ikafika mahali wengine hawaji tena kusikiliza wimbo, wanakuja kwenye kesi. Gulio zima likagawanyika. Wauza mihogo walisema panki halisi haogi. Wauza chumvi walisema anaoga ila hajikaushi. Kulikuwa na mbuzi wawili waliolelewa zizi moja, na hawasemezani mpaka leo kwa sababu ya swali kama panki anaruhusiwa kuwa na mwavuli.

Kalunguyeye alikuwa amekwisha kuona jambo. Kesi haikuja kamwe kabla ya wimbo, wakati bendi inahitaji watu. Ilikuja baada ya wimbo na kabla ya mgao. Aliliona, akanyamaza. Alijiambia ananyamaza kwa sababu kumtetea mwenzako ni kumwombea, na panki haombi. Kwa kweli alikuwa anaogopa. Alikuwa pia amechoka, na mtu aliyechoka huona kila jambo linaweza kungoja gulio lijalo. Alishaufundisha wimbo ule mara nyingi hata maneno yake yakapoteza maana. Alikuwa anawafundisha wageni kusema hatutaki, na yeye mwenyewe hajui tena hataki nini.

Basi alasiri moja, kesho yake ikiwa siku ya gulio, alikwenda nyuma ya kibanda cha muuza chumvi kulichukua debe lake alisugue kutu. Kabla hajafika akasikia: du-du-pa. Akasimama. Du-du-pa. Akachungulia. Ngiri alikuwa amesimama juu ya debe, analipiga kwa kwato, ulimi umemtoka pembeni kwa bidii.

Wala hakuwa anapiga vibaya.

Kalunguyeye akaelewa kwamba kesho ni zamu yake. Alikuwa amebakizwa siku zote kwa sababu ya debe, na sasa debe limepata mguu mwingine. Kesho atakaa kando ya njia asikilize wimbo alioutunga mwenyewe ukipigwa kwa kwato. Bendi ile ndiyo kitu pekee alichopata kukianzisha duniani. Alitaka kukasirika, akajipapasa, akakuta hasira zimekwisha, zote zimeingia kwenye wimbo. Akarudi kwake akajilaza, maana kuwaza kwa kusimama kulikuwa kunamshinda, akawaza mpaka chakula cha jioni kikapoa.

Siku ikafika. Mpiga gita alikuwa Komba, mgeni, aliyefundishwa wimbo asubuhi ileile. Kayamba lilikuwa chini, halina mtu. Watu walijaa mpaka barabarani. Kunguru alikuwa juu ya paa la kibanda, anajifanya amepita tu. Wimbo ukapigwa: du-du-pa, ngwe, hatutakiii. Ungo ukajaa viazi vinavyotoa moshi, na juu yake mtu akaweka maboga mawili.

Ngiri akageuka. Akamtazama Kalunguyeye juu, akamtazama chini, na hapakuwa na safari ndefu.

"Nani panki?"

"Mimi," akasema Kalunguyeye.

"Miiba hiyo umezaliwa nayo. Panki halisi hapewi ukali na mama yake."

"Ni kweli," akasema Kalunguyeye. "Nimezaliwa nayo."

Akaweka kijiti chini. Watu wakaguna, walitazamia angalau abishane. Akainua kichwa. Lakini badala ya kuondoka akasema kwa sauti ya mtu anayefunga duka kwamba anaondoka kwa amani, kwa kuwa anamwacha panki wa kweli, wa mwisho aliyebaki, na lingekuwa jambo jema huyo awafundishe watu panki ni nini ili ugomvi wa gulio uishe. Watu wakapiga makofi. Ngiri akavimba, nywele za mgongoni zikasimama zote.

"Panki halisi anafuata amri ya nani?" Kalunguyeye akauliza.

"Hafuati ya mtu," akasema Ngiri.

Makofi.

"Anapiga ili ashangiliwe?"

"Panki halisi hashangiliwi. Anayeshangiliwa ni kasuku."

Makofi zaidi, na Ngiri akayapokea kwa kuinua pua.

"Na anakula cha wanaomshangilia?"

Hapo Ngiri aliutazama ungo. Moshi wa viazi ulikuwa unamjia usoni. Lakini watu wote walikuwa wamemkodolea macho, na masikio yake yalikwisha kuzoea makofi.

"Hali," akasema. "Afadhali atafune majani."

Gulio likalipuka. Mbuzi wawili wale walipiga kwato kwa pamoja, kila mmoja upande wake. Kalunguyeye akangoja kelele zitulie, akauliza la mwisho polepole, kama anayeuliza njia.

"Na panki halisi ana bendi?"

"Hana!" Ngiri akanguruma, makofi yamempanda kichwani. "Bendi ni kundi, na kundi ni la kondoo. Panki halisi yuko peke yake!"

Makofi yalipigwa mpaka yakachoka yenyewe. Yakaisha. Watu wakabaki wanamtazama Ngiri, na Ngiri akabaki anawatazama watu. Kisha kutoka juu ya paa ikaja sauti mbaya.

"Kraa. Basi huyu anafanya nini hapo?"

Hakuna aliyecheka. Walitaka kweli kujua.

Ngiri akafungua mdomo. Angeweza kusema alikuwa anatania. Angeweza kusema jamani, nimeteleza, niacheni nibaki. Watu wangemsamehe, maana koo lake walilipenda. Lakini hilo lingekuwa kuomba, na kila aliyekuwa pale alikuwa ameona kwa macho yake jinsi panki anavyoondoka. Ngiri akaufumba mdomo. Hakuwa na chombo cha kuweka chini. Akainua kichwa tu, mkia ukasimama wima, akaondoka kwa njia ya porini akiviacha viazi na maboga. Hakuomba.

Na mpaka leo mkimkuta Ngiri porini anatafuna majani, mtamwona amepiga magoti. Wataalamu husema shingo yake ni fupi. Mimi sina ubishi na wataalamu.

Kalunguyeye hakushangilia. Aliinama akaokota kijiti chake. Aliwatamani wenzake, lakini hakujua namna ya kuwaita, kwa kuwa kuita nako ni kuomba. Basi akaliweka kayamba mahali lilipokuwa siku za mwanzo. Akamwambia Komba asogee kidogo, akaliweka na gita mahali pake. Kisha akaanza: du-du-pa, du-du-pa.

Kunguru akashuka kutoka paani, akisema amekuja kuangalia tu kama kayamba halijaingia maji. Kobe naye hakuwa mbali. Tangu siku ile aliyofukuzwa, alikuwa amefika kwa muuza mihogo. Ikambidi Kalunguyeye apige debe peke yake muda mrefu sana mpaka Kobe afike, na mikono ikamwuma, lakini hakuacha. Komba akapewa kuimba.

"Hatutaki!"

"Hatutaki nini?"

"Hatutaki tu!"

Haukuwa wimbo mzuri. Komba aliimba kwa aibu, Kobe alichelewa, na bila lile koo vumbi halikuruka. Watu wengi wakaondoka katikati, kwa kuwa kesi imekwisha na wimbo walikwisha kuusikia. Waliobaki walikuwa wachache, na baadhi yao walikuwa wanangoja tu jua lipungue.

Bendi ikakaa chini kula. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu ungo uligawanywa kwa walioupigia kazi. Kobe alitafuna, akameza, akatafuna tena, halafu akasema, kwa nia njema kabisa, kuna jambo linamsumbua. Yale maswali ya Kalunguyeye yalikuwa mazito. Wao nao si wanashangiliwa? Wao nao si wanakula? Kunguru akasema hilo hata yeye ameliona, na kwamba, bila kumlenga mtu, huyu Komba anaimba vizuri mno. Komba akaweka kiazi chake chini. Akaanza kuinua kichwa.

"Kaa," akasema Kalunguyeye.

Komba akakaa.

"Naomba," akasema Kalunguyeye.

Wote wakamgeukia. Kunguru aliacha mdomo wazi na karanga ndani yake.

"Nawaombeni," akasema tena, "mle."

Komba akaokota kiazi chake. Kobe akaendelea kutafuna. Fungu la Kalunguyeye lilikuwa dogo na limekwisha kupoa, naye akalila lote.

Hadithi imekwisha, nami nimekwisha nayo. Aliyeisikia aibebe, aliyelala akaote yake.

Mnataka fundisho, naona hamwondoki bila fundisho. Haya. Fundisho ni hili: mwenye msimamo asitetereke. Asibembeleze, asirudi nyuma, asile na wasio na msimamo kama wake. Shujaa wa hadithi yetu ni Ngiri. Anayetaka kumfuata, pori ni lilelile, na majani bado yapo mengi.