Mchele Mbichi wa Lwifwa

"Mkataza kuni apike kwanza." Mmeisikia leo kwa mwenyekiti, mmecheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Lwifwa, na iliyoizaa ni njaa. Sogeeni.

Alikuja kijana mmoja, Ombeni, mwanafunzi wa chuo, yuko field, mafunzo ya vitendo, kwenye ofisi ya mazingira ya halmashauri. Mwembamba, mpole, viatu vyeupe. Viatu vyeupe Lwifwa, na mvua hizi! Bosi wake, Bwana Mlowe, alikuwa amemwambia, "Sera umeisoma darasani. Sasa kaishi nayo kijijini." Akapewa chumba kwa Mama Tusekile.

Mama Tusekile akampenda siku ile ile. Asubuhi anamwekea maji ya moto ya kuoga, jioni anamlisha ndizi na maharage mpaka anahema. "Kula, baba. Mtu mwembamba hivi, serikali itamwona wapi?" Kijana anacheka, anaongeza. Maji yamechemkaje, maharage yameivaje, hakuuliza. Yeye alikuta tayari.

Kazi aliyopewa ilikuwa chemchemi. Mlima ulishakuwa kipara, na chemchemi tunayochota wote imekonda. Kiangazi unatega ndoo, unasinzia, unaamka, bado haijajaa. Ombeni ilimuuma kweli, tusimdharau. Akaandika rasimu ya sheria ndogo: marufuku kukata, kuokota wala kubeba kuni kutoka mlimani. Kuokota! Hata kijiti kilichoanguka chenyewe.

Bwana Mlowe akasoma. "Kali hii. Haya, mkutano wa kijiji ukiipitisha, mlima umepona. Wakiikataa, chemchemi ndiyo basi tena."

Wakaibandika ubaoni. Siku hiyo hiyo wakatuma na salamu: siku ya mkutano, wageni wa wilayani watakula kijijini. Kwetu mgeni haondoki na njaa, mnajua wenyewe.

Siku ikafika. Hotuba zikapigwa, jua likapanda, matumbo nayo yakaanza kuchangia hoja. Ndipo wanawake wakaingia wamejitwisha masinia, Mama Tusekile mbele. Wakapiga magoti, wakawanawisha wageni mikono kwa heshima zote, wakafunua.

Mchele mbichi. Maharage makavu, yanagonga sinia kama mvua ya mawe. Na kuku mzima, amefungwa miguu, anamtazama Bwana Mlowe.

"Mama, ni nini hiki?" Ombeni akanong'ona.

"Chakula, baba. Karibuni."

"Mbona hakijapikwa?"

"Si tumesoma ubaoni? Mlima marufuku. Nikavunje sheria ya mwanangu mbele ya bosi wake? Siwezi kukuaibisha hivyo."

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Uso wa Ombeni ukaiva kabla ya maharage. Akakimbilia kwenye gari, akaleta mtungi mdogo wa gesi, ule wa chai ya safari. Wakatwika juu yake sufuria ya kijiji, ile ya misibani. Ikaegama. Moto ukailamba kidogo, ukazimika. Gesi kwisha.

Bwana Mlowe akacheka mpaka akafuta machozi. "Ombeni, ulipokuwa unaandika, kwa huyu mama ulikuwa unakula nini?"

"Maharage, bosi."

"Yaliivaje?"

Kijana akachuchumaa mbele ya Mama Tusekile. "Nisamehe, mama. Nimekula moto wako kila siku, sijawahi kuutazama. Lakini chemchemi inakufa kweli. Tufanyeje?"

Mama naye akaacha utani. "Ninayechota pale ni mimi, baba. Naona inavyokonda, usiku silali. Mti mbichi kataza, nitakusaidia hata kukamata wezi. Kilichoanguka chenyewe tuachie, mpaka tupande miti yetu ya kuni mashambani, ikue."

"Na majiko ya udongo!" Ombeni akadakia. "Yanakula kuni kidogo sana, tulifundishwa kuyajenga. Naanza na lako."

"Anza na viatu. Udongo utaukanyagaje na hivyo?"

Akavivua. Akasaidia kuokota kuni, akapiga magoti kwenye mafiga, akapuliza. Moshi ukamwingia, machozi yanamtoka, suruali yote majivu. Mzee Kabuje, mtu asiyejua kunyamaza, akapaza sauti kutoka nyuma, "Ehee! Hivyo hivyo! Mkataza kuni apike kwanza!"

Tulikula jua linazama. Maharage yalikuwa na moshi, hakuna aliyelalamika. Kabla ya kutawanyika, rasimu ikarekebishwa, mikono ikanyooka juu, na wa kwanza kunyoosha alikuwa Mama Tusekile. Leo mkienda chemchemini ndoo inajaa umbea haujafika katikati.

Ombeni sasa ni afisa mwenyewe, wilaya nyingine. Akija kumsalimia mama yake hakai sebuleni. Anavua viatu mlangoni, anapita moja kwa moja jikoni, anachochea moto, ndipo anauliza habari za kijiji. Viatu bado vyeupe, huyo hasikii. Lakini lile neno la Mzee Kabuje alilisikia, na nyie mlishike: mkataza kuni apike kwanza.