Kona ya Bi Mize

Jumbe Mbaruku, aliyejiona mwenye akili peke yake, alitangaza barazani kwamba mashamba ya pembetatu yatakunjwa kwa macho kama leso. Kila mstari utakaolaza nusu moja sawasawa juu ya nyingine utatozwa kikapu cha mpunga.

"Lako lina pande tatu sawa, Bi Mize. Mistari mitatu, vikapu vitatu."

"Zikilingana mbili tu?"

"Kimoja."

"Zikitofautiana zote?"

"Hakuna mstari, hakuna kikapu. Ila ole wako ukilipunguza shamba."

"Sitalipunguza. Watu wamesikia."

Siku ya mavuno Jumbe hakukuta pande mbili zinazolingana katika shamba la Bi Mize. Kona yake moja ilikuwa imeingia katikati ya mpunga wa Jumbe, aliyepakana naye.

"Umesogeza kigingi cha mpaka hadi shambani kwangu?"

"Ulikataza kupunguza," alisema Bi Mize, akiendelea kuvuna. "Kuongeza hukukufikiria, na mwenye akili ni wewe."