Kikombe cha Mzee Anacleto

"Kahawa ikichelewa, habari isichelewe." Mmemsikia mama yenu akimwambia mgeni hivyo, nanyi mkacheka. Msicheke, wajukuu zangu. Usemi huu umezaliwa hapa hapa Brazili, kwenye vilima vyetu vya kahawa, na ulimliza bibi yangu Firmina.

Zamani hizo desturi ilikuwa kali. Mgeni akifika, hata awe jirani wa kila siku, hasemi kilichomleta mpaka apewe kikombe cha kahawa. Habari moja tu ilisemwa kabla ya kahawa, nayo ni ya kifo.

Bibi alikuwa mkunga. Binti yake, Zulmira, aliolewa ng'ambo ya mto, na mtoto wake wa kwanza alimfia mikononi siku ya kujifungua, hana wa kumsaidia. Alipobeba mimba ya pili akamwapisha mama yake: "Safari hii usiniache peke yangu." Bibi akaapa.

Basi siku moja ya mavuno, kahawa yote imeanikwa uwanjani, wingu jeusi likachomoza nyuma ya kilima. Buni zikilowa huvunda, na zikivunda nyumba hulala njaa. Watu wote wakakimbilia uwanjani, huyu na reki, yule na turubai. Hapo akatokea Mzee Anacleto, jirani pekee wa Zulmira, juu ya nyumbu wake.

"Karibu, Mzee! Keti barazani, kahawa yaja!" Bibi akapaza sauti, reki mkononi.

Kwa neno hilo akawa amemfunga mdomo. Mzee wa watu akaketi, kofia magotini, akitazama wingu, akitazama mto kule bondeni. Anasimama, anaketi tena. Alijua akisema kabla ya kikombe, Bibi ataanguka akidhani mwanawe amekufa. Matone ya kwanza yakapiga turubai.

Buni zilipokwisha kufunikwa, Bibi akaingia jikoni akihema, akachemsha maji, akachuja kahawa, akampelekea. Mzee akainywa yote kwa mkupuo, moto vile vile.

"Mama Firmina, Zulmira ameshikwa na uchungu. Anakuita."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Mumewe yuko kibaruani, mbali."

"Nawe umekaa hapo kimya?"

"Uliniambia kahawa yaja, mama. Ningesemaje?"

Walipofika mtoni, mawe ya kuvukia hayakuonekana tena. Maji mekundu yalikuwa yakibeba magogo. Bibi akaita jina la mwanawe mpaka sauti ikamkauka, na mto ukazidi kunguruma. Mzee Anacleto alikuwa akilia nyuma yake.

"Kahawa yako ilikuwa tamu, mama," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma."

Maji yalipungua kesho yake. Bibi akavuka yakimfika kifuani, roho mkononi, akihofia kukuta maiti mbili. Akamkuta Zulmira hai, amejifungua peke yake na kitovu amekikata mwenyewe, kichanga amekikumbatia.

"Mama," Zulmira akasema, "nilikuita."

Bibi akapiga magoti kando yake, akalia.

Kichanga hicho ni mimi. Nimekua nikimwona Bibi, mgeni akitokea tu njiani, akitupa chochote alichoshika na kumpigia kelele kabla hajashuka kwenye nyumbu: "Maji nayabandika, lakini sema kwanza! Kahawa ikichelewa, habari isichelewe."